Shavu la Kushoto la Mama

Mama alipokimbia shamba lake la kakao nyuma ya kijiji cha Mavivi, kwenye joto, na kuja kukaa kwetu Butembo, mji wa milimani, uso wake ulikuwa unang'aa. Kiangazi hakikwisha kabla mashavu yake hayajapasuka. Akicheka, ngozi ilimvuta na kumuuma, kwa hiyo akawa anacheka kwa pua.

"Baridi ya huku inanikulaka sura," aliniambia kila asubuhi. "Mi nitarudia ku shamba."

Njia ya shambani haikuwa salama kwa sababu ya waasi, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Niliogopa. Nikajiambia: nikiyaponya mashavu haya, sababu ya kurudi itakwisha. Mimi ni mbishi, nikianza jambo siliachi.

Kitu kimoja kilinishangaza. Vazelini hakuikosa, alijipaka kila alipokwenda kulala, tena nyingi, mpaka mto wake ukawa na doa. Mjukuu wake, yaani mwanangu mdogo, alipakwa kutoka kikopo kilekile, kwa mikono ileile, katika baridi hiyohiyo, na ngozi yake ilikuwa laini. Kwa nini?

Nikaanza kuwachungulia saa ya kuoga. Mtoto hatulii, kwa hiyo Mama alimpaka angali na maji mwilini. Yeye mwenyewe alijisugua kwa kipande cha kikwembe mpaka uso ukakauka kabisa, akasali rozari yake yote, ndipo akajipaka. Kikulacho ki nguoni mwako: kitambaa kilifuta maji yote, kisha mafuta yakaja kufunika ukavu.

Nilimwomba ajipake uso ukiwa bado na unyevu.

"Mafuta na maji haisikilizanake," akasema.

"Basi tupime, mama. Shavu la kushoto langu, la kuume lako."

"Donc sura yangu ni laboratoire sasa, ya kupimia dawa?" Lakini alinigeuzia shavu.

Tukafanya hivyo kila jioni. Akishaoga, la kushoto nililigusa kidogo tu kwa kitambaa, nikapaka mafuta membamba juu ya ule unyevu. Asubuhi nilikwenda kumtazama kabla hata ya kuwasha mkaa. Mwanzoni sikuona tofauti yoyote, nikanuna. Kisha la kushoto likaanza kulainika, la kuume likabaki vilevile, na Mama akanishika mkono, akaupitisha shavu hili na lile, naye sasa akiwa na udadisi kunishinda. Jioni iliyofuata alinipa mashavu yote mawili.

Siku alipocheka tena kwa mdomo mzima, nilijiona nimeshinda. Aliomba kioo, akajitazama kwa muda mrefu.

"Aksanti, mutoto yangu," akasema. "Nilikuwa naona haya kurudia kule na sura ya mukimbizi. Sasa batu ya kule batanijua."

Akakifunika kikopo, akakitia ndani ya mfuko wake wa safari.