Mwendo wa Msiba Kuelekea Sokoni

Katika kikosi kizima cha polisi kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuwasimamisha askari mia mbili bila kufungua kinywa, na mtu huyo hakuwa mkuu wa kikosi. Alikuwa mpiga ngoma kubwa wa bendi. Wenzake walimwita Saa ya Ukutani, kwa sababu mapigo yake hayakuwahi kukimbia wala kuchelewa: mia na ishirini kwa dakika siku ya sherehe, sitini siku ya msiba, mvua inyeshe, jua liwake.

Alifika kwenye ngoma kwa njia ya kushindwa. Miaka ishirini na tisa iliyopita, akiwa kuruta, aliwekwa mbele ya shabaha na bunduki mkononi, akaupiga mlima uliokuwa nyuma ya shabaha. Akapewa nafasi ya pili, akaupiga mlima uleule. Mwalimu wa shabaha akasema kijana huyu angalau ana msimamo, na jioni hiyo wakamkabidhi ngoma, ambayo ni pana na iko karibu.

Kuruta hufundishwa gwaride miezi tisa, muda uleule ambao mama huutumia kumuumba mtu, na kazi yenyewe ni ya kumuumbua. Mwisho wake mguu wa askari si wake tena. Ukisikia ngoma haumuulizi mwenyewe. Hutangulia, mwenyewe akafuata na sababu. Saa ya Ukutani aliijua siri hii kuliko maofisa wote. Aliwahi kukosea pigo moja tu, mwaka wake wa pili, kwa chafya, na safu nzima ikajikwaa kama mtu mmoja mwenye miguu mia nne.

Mkuu wa kikosi waliyekuwa naye sasa alikuwa mtu wa mawazo. Askari walimwita Hotuba, nyuma ya mgongo wake, maana mbele yake hakuna aliyepata nafasi ya kusema. Huyu aliipenda bendi kuliko wanamuziki wenyewe. "Rungu humfundisha mtu leo," alikuwa akisema, "wimbo humfundisha mpaka wajukuu zake." Kwa hiyo bendi ilipelekwa shuleni kila wiki, watoto wakazoeshwa kusimama kama misumari wimbo wa taifa unapopigwa. Mwaka uliopita likatoka agizo kwamba wazijue beti zote tano. Watu wazima walijua ubeti mmoja na vipande vya wa pili, na waliendelea hivyohivyo, kwa kuwa agizo liliwahusu wenye umri wa kusahihishika.

Wale wasiosahihishika kwa wimbo walikuwa na rungu lao. Msukuma mkokoteni mmoja alipita na magunia yake wakati bendi inaupiga wimbo wa taifa, na alipokamatwa akajitetea kwamba yeye alitaka kusimama, ila mteremko haukuusikia wimbo. Aliwekwa ndani siku tatu ili mteremko ujifunze.

Saa ya Ukutani aliyaona haya yote kutoka nyuma ya ngoma, ambako mtu haoni mengi, na usiku alilala vizuri. Hakuwahi kumpiga mtu. Hili alilisema mara nyingi, hasa kwa dada yake, na hasa pale ambapo dada hakuwa amemuuliza.

Dada alimzidi miaka tisa na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa fundi cherehani sokoni, kibanda cha pili kutoka lango, na wenye vibanda wenzake walimchagua mwenyekiti wao kwa sababu hakuna aliyetaka kubishana naye. Ni yeye pia aliyeipanua suruali ya gwaride ya mdogo wake kila mwaka, kwani tumbo la mpiga ngoma hukua kwa upole nyuma ya ngoma, mahali pasipo na mkaguzi.

Basi ikaja amri ya kulivunja soko. Mahali pale palihitajika kwa jambo ambalo barua ililiita "matumizi bora", bila kusema ya nani. Wenye vibanda wakaenda mahakamani kuomba zuio, jaji akawapangia Jumatatu saa tatu asubuhi. Mamlaka nazo, ambazo husoma ratiba za mahakama kwa bidii kuliko mawakili, zikapanga kulivunja Jumatatu hiyohiyo, kikosi kitoke kambini saa mbili na nusu. Hotuba akaongeza wazo lake: bendi itangulie, nyuma yake yeye mwenyewe, kisha askari wenye ngao na virungu, na mwisho kabisa tingatinga. Kamera za televisheni zingekuwepo, na ingeonyeshwa moja kwa moja. "Hatuendi kubomoa," aliwaambia kambini. "Tunakwenda kukabidhi usafi."

Jumapili mchana Saa ya Ukutani alikuwa amesimama kibandani kwa dada, suruali ya gwaride mwilini, mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

"Vuta tumbo," dada alisema, pini mdomoni.

"Nimelivuta."

"Hilo ndilo ulilolivuta?" Akaupima mkanda, akatikisa kichwa. "Nimeipanua suruali hii mara sita. Safari hii natoa mpindo wa mwisho, ukinenepa tena utavaa hema. Kesho mnatoka saa ngapi?"

"Siruhusiwi kusema, dada."

"Imetangazwa redioni."

"Basi saa mbili na nusu."

"Jaji anaingia saa tatu. Wakili anasema karatasi ikishatiwa sahihi, pikipiki inataka dakika ishirini kutoka mahakamani. Vibanda vikishalala chini jaji hana cha kuzuia. Atazuia vumbi."

Mdogo wake akatazama ukutani, ambako zilining'inia sare za shule za watoto wa mitaa mitatu, zimepigwa pasi, zikingoja wenyewe. "Mimi ni wa ngoma tu," alisema. "Unajua sijawahi kumgusa mtu."

"Najua, mdogo wangu. Hupigi mtu. Unawapigia wanaopiga, wasichoke njiani."

Alilisema bila ukali, kama anavyotaja kipimo cha kifua. Kisha akapiga magoti kuangalia mapindo ya chini.

"Kutoka kambini mpaka hapa ni dakika ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Siku zote?"

"Siku za sherehe."

Dada akaukata uzi kwa meno. "Na kesho ni sherehe?"

Mdogo wake akaivua suruali nyuma ya pazia. Dada akaikunja, akampa. "Nimekushonea vizuri," alisema, "lakini usidhani ndiyo nimekusamehe."

Jumatatu saa mbili na nusu kikosi kilikuwa tayari, na Hotuba akahutubia. Alipanga kusema dakika tano. Kamera ilipomgeukia akasema ishirini, na huo ulikuwa mchango wake wa kwanza kwa wenye vibanda, ingawa hakupata kushukuriwa. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi mguu wa kushoto ulipoinuka langoni.

Mapigo mia na ishirini. Saa ya Ukutani alihesabu kichwani: wangefika saa tatu na dakika kumi na mbili. Jaji angekuwa bado anatafuta miwani yake. Kwenye kona ya kwanza aliuinua mkwiro, fimbo ya ngoma, na kuuacha hewani muda mrefu kuliko kawaida, kidogo tu. Mia na kumi. Miguu mia nne ikakubali. Baada ya nguzo chache za umeme, mia. Kisha tisini. Mwalimu wa bendi, aliyekuwa mbele na fimbo yake inayong'aa, hakugeuka. Alibakiza miezi minne astaafu, na mtu wa namna hiyo hufuata ngoma. Walipofika kituo cha mafuta walikuwa kwenye sitini. Ngao zilipanda na kushuka kwa huzuni kubwa, na tingatinga, ambalo halikujua kwenda hivyo, lilikohoa nyuma.

Mpiga tarumbeta wa kando yake, Mashavu, akaishusha ala kwenye kiuno.

"Nani amekufa?" alinong'ona.

"Bado tunatafuta maiti."

Mashavu akafikiri hatua mbili, ambazo zilimpa muda mrefu. Akaliinua tarumbeta, akapuliza polepole, akiburuta kila sauti kama anayevuta jeneza.

Ofisa msaidizi akaja mbio pembeni. "Mkuu anauliza mbona tunajikokota."

"Mwambie mpiga picha wa televisheni anatembea kinyumenyume," alisema Saa ya Ukutani, macho mbele. "Tukiharakisha ataanguka, na mkuu atakatwa kichwa kwenye picha."

Ujumbe ukarudi nyuma. Hotuba akaiweka sawa kofia yake, akainua kidevu. Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni la watu wa gwaride tu: alijipanga ndani ya safu. Alipoanza kutembea, na yeye alikuwa na mguu wa kushoto kama wengine, na mguu wake ulifundishwa miezi tisa kama ya wengine.

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili walipoliona jengo la shule ya msingi, na ofisa msaidizi akaja tena, safari hii bila adabu. "Mkuu amesema kasi. Sasa hivi. Ni amri."

Nje ya uzio wa shule watoto mia tatu walikuwa wamepangwa kwa urefu, bendera ndogo mikononi, kama Hotuba mwenyewe alivyoagiza kwa barua. Mwalimu mkuu, mama mwenye miwani na filimbi shingoni, alikuwa mbele yao. Saa ya Ukutani akauona uso wake, ulivyojaa maandalizi. Alifikiria nyumba ya kambini, na miaka ishirini na tisa, na suruali ambayo haikubaki na mpindo wa kutoa.

Akaiacha mikwiro yote miwili ishuke, akaivumisha ngoma mvumo mrefu usiokatika.

Kila mwanabendi anajua mvumo ule unafungua wimbo gani. Ala zilipanda zenyewe. Visigino mia nne viligongana. Tingatinga lilizimwa, kwa kuwa dereva wake alikuwa binamu wa yule msukuma mkokoteni. Hotuba, mbele ya kamera na ya watoto mia tatu aliowafundisha yeye, akapeleka kiganja kwenye kofia.

Ubeti wa kwanza uliimbwa na wote. Ulipokwisha Hotuba akakishusha kiganja nusu, na hapo watoto wakaingia ubeti wa pili. Walikuwa wameujifunza mwaka mzima, wengine kwa fimbo, na hawakuwa tayari kuupoteza. Bendi ikawafuata. Kiganja kikarudi juu. Ubeti wa tatu askari walisogeza midomo kama samaki. Wa nne ulikuwa mgeni hata kwa mwalimu wa bendi. Ofisa msaidizi, jasho likimtiririka, alisimama wima mahali alipofikia, mguu mmoja ndani ya mtaro, maana ni kosa kujisogeza. Ubeti wa tano, kwa mwendo wa msiba, ulizungumzia uhuru kwa kirefu.

Walipofika sokoni ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na nane. Wenye vibanda walikuwa wamesimama milangoni mwa vibanda vyao, na dada mbele yao wote, amekaa kwenye cherehani aliyoitoa hadi barabarani, anashona. Kando yake alisimama wakili, kofia ya pikipiki bado kichwani, na karatasi ambayo wino wa muhuri wake haukuwa umekauka.

Hotuba aliisoma mara mbili. Kamera ilimsogelea. Mtu mwingine angekosa la kusema, lakini yeye hakuitwa vile bure: aligeuka, akahutubia dakika kumi na nane kuhusu kuheshimu mahakama, na jinsi alivyowaleta askari wake kuushuhudia utawala wa sheria. Watu walipiga makofi pale ilipotakiwa. Hilo nalo walifundishwa. Dada peke yake hakupiga. Mikono yake ilikuwa na kazi.

Wiki iliyofuata Saa ya Ukutani alisimamishwa mbele ya baraza la nidhamu, makosa mawili: kubadili mwendo bila amri, na kupiga wimbo wa taifa bila idhini.

"Unakiri?" Hotuba aliuliza.

"La kwanza nakiri, afande. La pili naomba liandikwe vizuri. Liandikwe kwamba askari anashtakiwa kwa kupiga wimbo wa taifa mbele ya watoto."

Karani aliinua kalamu, akangoja. Alingoja sana. Shtaka la pili likafutwa.

"Kwa nini ulipunguza mwendo?" aliuliza mzee mmoja wa baraza.

"Nilipenda."

"Ulipenda?"

"Miaka ishirini na tisa sijaulizwa, afande. Nikaona nijiulize mwenyewe."

Walimvua cheo na ngoma, wakampeleka kulinda stoo ya sare, chumba chenye dirisha moja linalotazama uwanja wa gwaride, kaunta ya mbao, na mkokoteni wa buti zisizo na wenza. Kesi ya soko imeahirishwa mara nne tangu hapo, kwani kuahirisha ni kazi ambayo mahakama huifanya kwa moyo, na vibanda bado vimesimama. Dada hutuma salamu kwamba suruali ya gwaride airudishe, yeye dada aichomoe ile mistari myekundu ili mdogo wake apate nguo ya kuvaa kama mtu.

Asubuhi ya juzi Hotuba alikatiza uwanjani peke yake, haraka, faili kwapani, jina la soko limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Saa ya Ukutani alimwona dirishani. Akaviweka vidole viwili kwenye kaunta, akagonga. Mia na ishirini. Mia. Themanini. Mbao ilikuwa nzito na kavu, na sauti yake ilitoka nje bila taabu.

Kufika katikati ya uwanja mkuu wa kikosi alikuwa anatembea kama anayesindikiza jeneza. Akasimama, akaitazama miguu yake, kisha akatazama huku na huku amtafute aliyefanya hivyo. Dirishani alimwona mlinzi wa stoo, amekunja mikono, anahesabu buti.

Akaanza tena kutembea. Vidole navyo vikaanza.