Laptop ya mwalimu wangu wa Jiografia, Linux iliyogoma, na zamu za maji za Nduruma

Wakuu, habari za mida hii.

Juzi kuna jamaa aliuliza humu kama laptop ya kizamani inaweza kufufuka kwa Linux, mkamjibu kwa kejeli mpaka akakimbia uzi wake mwenyewe. Nikaona nilete yaliyonikuta mimi. Sipambi kitu. Pale nilipochemka nitasema nilichemka, na mtaona nilichemka mbele ya mtu ambaye sikutaka kabisa kuchemka mbele yake.

Hii ni miaka ile kompyuta za mitumba zimeanza kumwagika mjini Arusha, internet cafe kila kona, na ukiwa na flash ya MB 128 unaivaa shingoni kama kitambulisho cha kazi.

Mimi nilikuwa na meza Ngarenaro. Nasema meza kwa sababu chumba kilikuwa cha Lomayani, fundi wa redio na deki. Yeye alikaa upande wa dirisha na solder yake, mimi upande wa ndani na CPU zangu tatu, zote matumbo wazi.

Jumatano moja asubuhi akaingia mama mmoja mrefu, kikapu mkononi. Akasimama mlangoni, akaniangalia.

"Mushi."

Nikajikuta nimesimama wima kabla akili haijafika.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Bado unakaa umepinda mgongo."

Alikuwa Mwalimu Kaaya. Alinifundisha Jiografia form two na form three, na somo lake sikuwahi kulipatia hata mara moja. Alishastaafu, karudi kwao Nduruma, analima nyanya na maharage. Ndani ya kikapu, imeviringishwa kwenye kitenge, kulikuwa na laptop.

Sasa hapa niwape picha, maana bila hii hamtaelewa kwa nini nilitokwa jasho.

Kule kwao wanamwagilia kwa mfereji mmoja. Kila familia ina zamu yake, siku fulani, asubuhi au mchana. Kamati ya mfereji ilikuwa imemchagua Mwalimu kuwa katibu, mwanamke wa kwanza kushika hiyo kazi, na wapo wanaume waliokubali shingo upande. Yeye akafunga daftari la zamani, akahamishia orodha ya zamu kwenye laptop aliyoletewa na mdogo wake aliyekuwa akifanya kazi nje.

Wiki mbili kabla, laptop ikagoma kuwaka. Windows inafika kwenye yale mawingu yake, inaganda.

Na wiki hizo hizo kukawa na mzee anaitwa Elirehema analalamika kijiji kizima kwamba zamu yake ya Alhamisi asubuhi imeyeyuka. Anasema walikubaliana kila wiki, lakini karatasi aliyobandika katibu pale kwenye banio, lango la kugawia maji, inaonyesha wiki moja anapata, wiki moja anaruka. Mwalimu anasema karatasi iko sawa, ndivyo walivyokubaliana.

"Jumamosi tuna mkutano," akaniambia. "Orodha tuliyokubaliana siku ile iko humu ndani. Nikienda mikono mitupu, watasema mwanamke amepoteza maji."

Nikamwambia mwalimu kaa, hii ni kazi ndogo.

(Wakuu, ukisikia fundi anasema kazi ndogo, shika kikapu chako uondoke.)

Mashine yenyewe: Pentium III, RAM MB 128, hard disk GB 10, betri imekufa zamani, inaishi kwa waya tu. Windows ilikuwa imejaa virusi. Mpango wangu ulikuwa niwashe kwa CD ya Linux bila kugusa disk, nichomoe mafaili yake, halafu nifute kila kitu niweke Linux moja kwa moja. CD nilikuwa nayo, alinichomea rafiki yangu mwenye internet cafe kule Themi.

Jaribio la kwanza: ikaanza kuwaka vizuri, kioo kikabadilika rangi, ikaganda. Nikajua RAM haitoshi kwa zile picha picha. Sawa.

Jaribio la pili: nikawasha kwa maandishi matupu. Mistari ikashuka, ikashuka, halafu ikaanza kujirudia. Nikaona yale maneno mawili ambayo kila fundi anayajua: I/O error, yaani mashine imeshindwa kusoma.

Nikashusha pumzi.

"Mwalimu, pole sana. Disk imekufa."

Lomayani akaacha kuchomelea. Mwalimu akachukua kile kitenge, akakikunja mara mbili, akakiweka magotini.

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa. Kilichomo ndani hakitoki tena."

Wakuu, nataka niseme ukweli hapa. Ile mistari sikuisoma. Nilikuwa nimeshaona I/O error kwenye disk nyingi zilizokufa kweli, kwa hiyo nilipoyaona tu yale maneno mawili, nikaandika cheti cha kifo. Mwenyewe nilijiona mtaalamu kweli kweli.

Mwalimu akatoa miwani.

"Imeandika wapi kwamba imekufa? Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akasogeza kiti, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kusoma kwa sauti mstari kwa mstari, sauti ile ile ya darasani. Hajui mambo ya ndani ya kompyuta, lakini Kiingereza anakijua na subira anayo. Akasoma wee. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Mushi, hapa juu wameandika hda, wakataja na ukubwa, gigabaiti kumi. Huku chini kwenye makosa wanaandika hdc. Hda na hdc ni kitu kimoja?"

Masikio yakapata moto.

Kwa wasiojua: zamani zile Linux iliita hard disk hda, na kisomea CD kwenye laptop nyingi kiliitwa hdc. Disk ilikuwa nzima. Imetambuliwa, imetajwa jina, imetajwa na ukubwa wake. Kilichokuwa kinalia ni kisomea CD.

Nilikuwa nimemzika mtu aliye hai, marehemu mwenyewe ni jirani.

"Si kitu kimoja, mwalimu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya form two. "Samahani. Nimekutisha bure."

"Umenitisha kweli," akasema. "Sasa tufanyeje?"

Hakunisimanga. Ningeona afadhali angenisimanga.

Lomayani alikuwa anacheka kwa mabega, bila sauti. Akanyanyuka akaleta pamba na ile spiriti anayosafishia vichwa vya deki, akafungua trei ya CD, akapangusa kile kijicho cha kusomea taratibu sana. Pamba ikatoka na rangi ya udongo wa Nduruma. Akapangusa tena, na tena, mpaka ya tano ikatoka nyeupe.

CD yenyewe pia nikaishuku, kwa sababu rafiki yangu alikuwa anachoma kila kitu kwa spidi ya juu ili foleni iishe. Nikatembea mpaka Themi, nikamwambia anichomee nyingine kwa spidi ya chini kabisa, na asiniulize kwa nini. Niliporudi nikakuta Lomayani anamweleza Mwalimu jinsi redio inavyoshika stesheni, na Mwalimu anauliza maswali. Miaka miwili mimi na Lomayani tumekaa chumba kimoja, hilo somo sikuwahi kulisikia.

Tukawasha.

Mistari ikashuka yote bila kukwama. Ikafika mwisho, ikasimama, ikaningoja niandike amri. Nikaunganisha disk ya Windows kwa kusoma tu, nikaita orodha ya mafaili.

Yakaja. Barua za kanisa, ratiba ya kwaya, na mawili ya zamu za maji: ZAMU1 na ZAMU2.

Mwalimu alisema "Asante Yesu" kwa sauti ndogo, akashika bega langu. Nikahamishia kila kitu kwenye flash, polepole kama konokono maana USB ya mashine ile ilikuwa ya kwanza kabisa, kisha nikafungua kwenye kompyuta yangu ya mezani ili tuhakikishe.

Tukaanza na la kwanza.

ZAMU1 ilikuwa orodha aliyoandika siku ya mkutano, mbele ya wanachama wote. Alhamisi asubuhi: Elirehema. Kila wiki.

ZAMU2 ilikuwa ile aliyokuja kuibandika. Katikati walikuwa wameingia wanachama wapya wawili, akasogeza mistari ili wapate nafasi, na mmoja wao akakaa juu ya jina la Elirehema, wiki moja ndiyo wiki moja hapana. Alibandika bila kulinganisha na ile ya kwanza.

Yule mzee alikuwa anasema kweli tangu mwanzo.

Mwalimu akayasoma yote mawili upya, kidole kwenye kioo. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikitaka kufidia ile aibu ya asubuhi, nikasema, "Mwalimu, hii ya kwanza si lazima mtu aione. Tunaweza kuprint ya pili peke yake. Hakuna atakayejua."

Akanigeukia.

"Nyanya za yule mzee zimekauka, Mushi. Print zote mbili."

Nikaprint zote mbili.

Laptop akaniachia niimalizie, akasema niilete mwenyewe siku ya mkutano. Kwa wanaotaka mambo ya kiufundi, iliyobaki ilikuwa hivi. Alhamisi nikaanza installation, ikafika karibu nusu, umeme ukakatika. Ule mgao mnaukumbuka wenyewe. Betri hakuna, mashine ikazima pale pale. Umeme uliporudi nikaanza upya, ikamaliza, nikawasha kwa furaha: kioo cheusi tii.

Zamani ningeanza kubonyeza kila kitu. Safari hii nikabonyeza Ctrl, Alt na F1, nikaingia kwenye maandishi, nikafungua log, kumbukumbu ya makosa, na kuisoma yote, kidole kwenye kioo. Mstari ulikuwepo, unasema wazi kabisa kwamba driver ya graphics haikukubaliana na ile kadi. Nikabadilisha neno moja kwenye faili la mipangilio, nikaweka vesa, driver ya kawaida isiyochagua kadi, nikawasha tena.

Kioo kikaja na rangi. 800 kwa 600, maandishi makubwa kama ya kalenda ya ukutani, lakini kimekuja. Lomayani akapiga makofi. Programu ya majedwali ilichukua kama dakika mbili kufunguka, ila ikifunguka inafanya kazi, na virusi hakuna.

Jumamosi nikapata lifti ya pickup mpaka Nduruma. Watu walikaa kwenye nyasi karibu na banio, wanaume upande mmoja, akina mama upande mwingine. Mzee Elirehema alikuwa mbele kabisa, koti limefungwa vifungo vyote, amekuja kwa vita.

Mwalimu akasimama. Hakuanza na salamu ndefu. Akasoma orodha ya kwanza, jina kwa jina. Akasoma ya pili. Halafu akasema:

"Aliyekosea ni mimi. Nilipoingiza wanachama wapya nilimfunika Mzee Elirehema, na nilipoambiwa nikabisha. Alhamisi yake inarudi kuanzia wiki hii. Na zamu yangu ya Jumatatu mchana aichukue yeye, mpaka nyanya atakazopanda upya zishike."

Akakunja karatasi zote mbili, akabaki amesimama.

Mtu mmoja pembeni akasema kwa sauti, si mnaona, tungebaki na daftari letu na katibu wetu wa zamani. Wanaume kadhaa wakaguna kumuunga mkono. Mimi nikaangalia chini, nikajua imeisha.

Mzee Elirehema akasimama. Akasema maneno machache kwa Kimeru, kwa sauti ya kawaida tu, na mkutano mzima ukaangua kicheko, mpaka wale walioguna wakacheka. Mimi Mchaga, nimeachwa njiani. Nikamwuliza mama aliyekaa karibu yangu, kasemaje?

"Anasema katibu wa zamani hakuwahi kukosea hata mara moja," akanitafsiria huku anajifuta machozi ya kicheko, "kwa sababu lile daftari hakuna aliyewahi kuonyeshwa."

Mwalimu Kaaya akabaki katibu. Wakaongeza sharti moja, kwamba orodha isomwe kwa sauti kila mwezi, na aliyelitoa wazo hilo ni Elirehema. Baada ya mkutano nikawaonyesha laptop ikiwaka, wazee wakaizunguka, kila mmoja anataka kuona jina lake. Nilirudi mjini na nyanya za Mwalimu nusu ya kikapu na moyo mweupe kabisa.

Nilichojifunza, wakuu. Mashine ikikwama huwa inaongea, sisi mafundi ndio hatuna subira ya kuisikiliza mpaka mwisho. Tunaona maneno mawili tunayoyajua, tunatoa hukumu, na mwenye mali anakaa pale na kitenge magotini. Siku ile ningemruhusu aondoke, yale mafaili yangebaki ndani ya disk iliyo hai, na mimi ningelala usingizi mzuri nikijua nimefanya kazi yangu.

Tangu hapo mteja akija simwambii kitu kimekufa mpaka nimesoma kila mstari. Na nikikosea namwambia nimekosea. Hilo la pili bado ni gumu, sitawadanganya.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu alishatangaza msiba wa disk iliyo hai? Leteni visa. Na mwenye laptop iliyogoma aweke picha ya error hapa chini tuisome pamoja, ila tafadhali piga kioo chote, usitukatie mistari ya juu.