Mgongo wa Nyangeta

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Musoma, metroni alinikabidhi ndoo ya maji ya uvuguvugu akanipeleka chumba cha plasta. "Hapa utalowa mpaka ustaafu," aliniambia. Uhuru ulikuwa bado mbichi, nasi vijana tulidhani kila kilichopinda kitanyooshwa upesi. Mimi nilikuwa hoi kabla ya saa sita.

Watoto waliopinda uti wa mgongo tuliwavisha koti la plasta. Mtoto anasimama chini ya boriti, mkanda unamshika kidevu na kumvuta juu kidogo, nawe unamzungushia bendeji zilizolowekwa, kuanzia kwapani hadi nyonga. Ukiacha kunjo moja tu, litamchubua mpaka kidonda. Koti lilizuia mgongo usizidi kupinda. Kuponya halikuponya, na kuwaambia wazazi hivyo kila wiki kulinichosha kuliko ndoo.

Nyangeta aliletwa kutoka kijiji kipya cha ujamaa karibu na Butiama. Alikuwa darasa la nne. Mbavu zake za kulia zilikuwa zimetokeza mgongoni, na akitembea kidogo tu anahema. Mganga Mkuu wa Mkoa alimpima, akaniita pembeni.

"Mapafu yanabanwa. Bila upasuaji, huyu hafiki utu uzima. Nimempatia nafasi kwa bingwa wa mifupa Mwanza. Kaongee na baba yake."

Baba yake, Mzee Magesa, alikuwa mkulima wa pamba asiye na ng'ombe hata mmoja. Nilimweleza kwamba pingili, yaani vile vifupa vya uti wa mgongo, zitaunganishwa kwa chuma ziwe kitu kimoja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Atakuwa anainamaga, sista?"

"Hapana, baba. Mgongo hautakunjika tena."

"Sasa atapaliliaje? Kwetu mtu asiyeinama anakulaga nini?"

"Na maiti inapaliliaga?" mkewe alidakia.

Mzee Magesa alivua koti lake. Akamfunika nalo binti yake mabegani kwa ajili ya baridi ya meli ya kwenda Mwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Nyangeta alirudi amenyooka, amerefuka, anapumua. Tulishangilia wodi nzima. Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya Bunda, na siku moja mama yake akanifuata huko.

"Sista, mtoto mmenirudishia, nashukuru. Ila kwenye shamba la kijiji wanasema anaringa. Wenzake wameinama, yeye amesimama tu na jembe."

Iliniuma sana. Nilifunga plasta miaka mingi baada ya hapo, Bunda na tena Musoma, na kila mzazi aliponiuliza kama mtoto atanyooka, mimi nilisikia lile swali la Mzee Magesa.

Sasa nimestaafu, naishi Kitaji, hapa hapa Musoma, na kiuno kimekufa kwa kuinamia wagonjwa. Juzi mwanamke mmoja mrefu alibisha hodi. Nilimtambua kwa mgongo kabla ya sura. Kwa furaha nikadondosha ufunguo wa mlango, tukabaki tunautazama pale chini, mimi siwezi kuinama, yeye hawezi kuinama. Tukacheka mpaka machozi.

Kisha Nyangeta akapiga magoti, mgongo wima, akanyoosha mkono na kuuokota.

"Hivi ndivyo ninavyopaliliaga, mama," alisema. "Baba ndiye alinifundisha. Alinikatia jembe mpini mfupi, akapiga magoti na yeye, tukamaliza shamba."