Ng'ombe Waliokwenda Sekondari

Mgeni akifika kwetu Ipililo na kuliona zizi lilivyo tupu, baba hakungoja kuulizwa. "Ng'ombe wako shule," alisema, kisha akaninyooshea kidole, nami nikavimba kichwa hapo hapo.

Nilikuwa nimefaulu darasa la saba, peke yangu katika shule yetu. Dada yangu mkubwa alikuwa amefanya mtihani huohuo kabla yangu, hakuchaguliwa, na habari zake za shule zikaishia hapo. Mimi nilichinjiwa mbuzi. Nikapewa kiti, kile kimoja chenye mgongo tulichokuwa nacho, na kila mama aliponiita kazini baba alidakia, "Mwacheni, anasoma." Hata likizo, vitabu vikiwa vimelala sandukuni, nilikuwa nasoma. Ndoo ikaenda kwa dada, jembe likaenda kwa dada, mimi nikabaki na akili. Na niliamini kabisa kwamba ni hizo akili zilizonifikisha Bariadi sekondari.

Akili wapi! Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Mitumba ilijaa mnadani, wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao kununua pamba, na shule nazo zikaanza kudai ada. Pamba ya baba haikutosha hata godoro langu.

Bahati ya baba, dada alikuwa mweupe, na kwetu Usukumani binti mweupe hakai sana nyumbani. Mwanaume mmoja wa karibu na Maswa mjini akaleta ng'ombe wa mahari, tena wengi. Hawakukaa. Kila shule ilipofunguliwa, mmoja alikwenda mnadani na mimi nikapanda basi.

Dada alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alipokuja kutusalimia, alisimama nyuma ya kiti changu, akanipapasa mgongo na kunisalimia Kisukuma. "Mwadila, ng'ombe zangu! Mmeshindaje?" Nyumba nzima ikacheka. "Yule mwenye baka alilipa hisabati, sawa, hesabu anajua. Ila yule aliyekuwa anachechemea, nani alimpeleka akalipie Kiingereza? Kisikieni kinavyotembea!" Nilinuna mpaka jioni. Kilichoniudhi ni kwamba Kiingereza changu kilikuwa kinachechemea kweli.

Likizo moja akaja hana utani. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na nguo zake alikuwa amezifunga kwenye kanga, ameziweka kichwani. "Sirudi," akasema. Mumewe alikuwa na mkono mwepesi, na siku zote dada alikuwa akitwambia ameanguka.

Baba zangu wadogo wakaitwa. Mwanzoni lilionekana jambo rahisi: hakuwa amezaa, basi ng'ombe warudishwe kwa mwenyewe na binti abaki kwao. Wote wakageuka kulitazama zizi. Lilikuwa limeota majani. Kisha, mmoja mmoja, wakageuka kunitazama mimi, nimekaa kitini kwangu, na dada amekaa chini, mgongo ukutani. Nilitamani ardhi ipasuke. Ng'ombe aliyeliwa na mganga unaweza kumdai mganga, lakini huyu aliyekwisha kuwa kidato cha tatu utamrudishaje kwa mkwe?

Asubuhi baba alimsindikiza kurudi kwa mumewe. Njia nzima, dada alisimulia baadaye, baba hakumwangalia usoni. Kabla ya kuondoka dada alinibana shavu akaninong'oneza, "Soma haraka, mayu, mama yangu. Ukirudia darasa nitakuua." Alikuwa anatania, na hakuwa anatania.

Nikasoma. Nilisoma kwa hasira, nikamaliza, nikawa mwalimu. Haukupita muda karani mmoja wa kiwanda cha kuchambua pamba akaleta washenga kuniposa. Baba alikuja kikaoni na cheti changu ndani ya mfuko wa nailoni. Mimi ni mweusi, tena mweusi wa kutosha, kwa hiyo alitaka cheti kihesabiwe badala ya rangi.

"Hiki kinalima?" mshenga akauliza.

"Kinapokea mshahara," baba akajibu.

"Na ukichelewa mshahara, kinapika?"

Walichekana na kubishana hivyo mpaka wakaelewana. Baba alikuwa ameshakata miba mipya ya kuzungushia zizi, ameirundika pale nje. Miaka yote ile alikuwa anaingoja siku hiyo.

Ndipo nikasema ng'ombe wangu wasiingie humo. Wapite moja kwa moja mpaka kwa mume wa dada, na dada arudi nyumbani.

"Ala!" baba mdogo akaruka. "Tangu lini bibi harusi akawapangia ng'ombe njia?"

"Tangu mliponipa kiti," nikamjibu.

Baba alinitazama. Akaitazama na ile miba yake. Nilimwonea huruma, kusema kweli. Mwishowe akasema, "Wapite."

Wakapita. Dada akarudi na kifurushi chake kichwani, kovu dogo juu ya jicho, akanikuta kitini. "Mwadila, ng'ombe zangu," akasema, safari hii polepole. Nikaanza kulia. Akaliacha lile furushi, akaingia jikoni, akatoka na ndoo, akanirushia.

"Haya. Zamu yako."

Nikaidaka, nikaondoka kwenda kisimani. Nyuma yangu nikamsikia baba, kwa mazoea yake, akianza, "Mwacheni, ana..." Akakumbuka kwamba nimeshamaliza.