Sauti ya Mpiga Picha

Harusi yangu ilifanyika Makere, miaka michache baada ya sisi kukimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Mume wangu alikuwa mwalimu aliyeletwa na serikali kutoka mkoa wa mbali, na ndugu zake walimkodi mpiga picha wa Kasulu mjini. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: picha nikiwa na baba. Mama aliuawa kule, na hatukubaki na picha yake hata moja.

Mpiga picha yule alikuwa mcheshi, kwa wanaopenda ucheshi wa namna ile. "Leo nawamaliza wote," alisema, watu wakacheka. Akauliza nani bado hajapigwa. Akawasukuma baba na ndugu zangu hadi kwenye ukuta wa shule, akawapanga mstari, akafoka kwamba atakayetikisika atakiona.

Baba aliganda. Kisha akatoka kwenye mstari, akanifuata nilipokuwa nimesimama na shela langu.

"Mwana wanje, mwanangu," aliniambia, "nilishapangwa ukutani pamoja na kaka zangu. Nilibaki mimi peke yangu. Pale sirudi."

Nilimwomba mpiga picha amwite baba kwa heshima, amkalishe kwenye kiti, mbali na ukuta. Wanasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse mzee siku ya harusi ya binti yake. Akanijibu kwamba kazi yake si kubembeleza wazee. Mawifi wakasema washamba huogopa kamera. Mume wangu akacheka pamoja nao, na kicheko kile sijakisamehe hadi leo.

Kwenye picha za harusi baba hayumo. Wageni walipouliza, mume wangu aliwaambia mkwewe ni mtu wa porini. Nilikuwa jikoni, nikisikia yote.

Baba alifariki kabla sijapata mtoto wa pili. Kwa kuogopa maneno ya watu, mume wangu alimleta mpiga picha yuleyule msibani. Mpiga picha alivua kofia mlangoni. Alitupa pole mmoja mmoja, akauliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kulisogelea jeneza. Akainama.

"Mzee wetu, samahani, nakusumbua kidogo," alimwambia baba, ndipo akapiga.

Ndiyo picha pekee ya baba niliyo nayo. Kumbe kuomba alikuwa anajua. Alisubiri mpaka baba awe hasikii.