Uzi wa Machi

Kila Machi bondia wa Kocha Dobri hufungwa bandeji kwa namna moja: mkono wa kushoto kwanza, macho yake yakiwa dirishani. Miaka kumi na mmoja wamezunguka pamoja nchi za watu, wakarudi Bulgaria na medali tano za shaba, na sauti ya bondia haijawahi kupanda. Hata akivunjwa pua huongea kama anayeomba chumvi mezani. Chini ya bandeji hubaki uzi mwekundu na mweupe aliofungwa na bibi yake, ambao kwa desturi ya kwao haukatwi mpaka korongo wa kwanza wa mwaka, ndege anayerudi theluji ikiisha, aonekane. Sheria hairuhusu kitu chini ya bandeji, ila wakaguzi wa nyumbani hujifanya vipofu. Leo mkaguzi ni mgeni, na zimebaki dakika nne nusu fainali ianze.

"Uzi utoke, au hapigani," mkaguzi alisema.

Bondia alikunja ngumi. "Basi sipigani."

"Kichwa maji we! Una miaka thelathini na mitatu. Nafasi nyingine utaipata wapi, kaburini?" Dobri alifoka, kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Korongo nimemwona mimi asubuhi, juu ya bomba la kiwanda."

Nje theluji ilikuwa ikigonga kioo. Bondia aliitazama, kisha akamtazama mzee ambaye hakuwahi kumficha hata raundi moja aliyoshindwa.

"Kocha," alisema kwa sauti yake ileile, "uongo wako wa kwanza huo."

Akanyoosha mkono.

"Haya, kata. Ila ukate wewe."

Akafumba macho, asiuone ukianguka.