Machipukizi ya Mzeituni

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, asubuhi, nilikuwa juu ya ngazi katika shamba la mizeituni nchini Italia. Nilichana matawi kwa kichanuo cha plastiki chenye mpini mrefu, na zeituni zikadondoka kwenye wavu uliotandazwa chini.

Nilikuwa nimekwenda kumtembelea mdogo wangu, mtawa anayehudumia wazee katika mji mdogo juu ya kilima. Mji wenyewe ni wa mawe matupu, umezungushiwa ukuta wa zama za kati. Unaingia kwa lango la tao, na kizingiti chake kimelika katikati kwa nyayo za karne nyingi. Asubuhi ukungu hupanda kutoka bondeni na kumeza kila kitu isipokuwa mnara wa kanisa. Siku ya kwanza, nilipofungua dirisha, nilidhani bado niko Njombe.

Moyo wangu, hata hivyo, ulikuwa kijijini kwetu Kichiwa. Mwezi wa saba jalidi, ile baridi inayogandisha umande, ilikuwa imeunguza miparachichi ya mama, majani yakakauka kama yaliyopitiwa na moto. Aliipanda pamoja na baba katika mwaka wa mwisho wa uhai wa baba, na msimu huu ndio alioungojea apate matunda ya kwanza. Siku niliyoondoka alinisindikiza mpaka stendi ya Makambako.

"Ukirudi utakuta nimeing'oa," alisema. "Napanda viazi. Siwezi kuamka kila siku nikitazama maiti."

Nilimsihi anisubiri. Akakubali kungoja mvua za kwanza. "Lakini ni kwa ajili yako," alisema, "si kwa ajili ya miti."

Mzeituni nilikuwa nikiujua kwa Biblia tu, na kwa mafuta ya kipaimara. Nami ni mtu wa Njombe. Sipiti chini ya mti wenye matunda meusi yaliyoiva nikaacha kuonja. Nilichuma zeituni moja nono, nikaitia mdomoni. Ilikuwa chungu kama klorokwini ya utotoni. Kutema nilishindwa, kwa sababu mwenye shamba, bibi jirani wa watawa, alikuwa akinitazama.

"Dada, tema!" mdogo wangu, aliyekuwa akikusanya zeituni wavuni, alipiga kelele. "Ulidhani ni plamsi?"

"Si ungeniambia!"

"Nani angedhani mwalimu mzima atakula tunda la watu bila kuuliza? Zinalowekwa kwanza kwenye maji ya chumvi, wiki na wiki."

Bibi alicheka hadi akashika shina la mti asianguke. Kisha akaniletea maji huku akisema, "Kamwene, kamwene," salamu yetu ya Kibena aliyofundishwa na mdogo wangu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto.

Nilipokuwa nikisukutua ndipo nilipoutazama vizuri mti alioushika. Haukuwa na shina moja. Mashina matatu yalisimama kwa duara, na katikati yake palikuwa na uwazi wa kutosha kuweka kigoda. Niliuliza sababu. Mdogo wangu akatafsiri.

"Anasema alipokuwa msichana ilikuja baridi iliyoua mizeituni ya bonde zima. Baba yake aliikata mpaka chini, lakini mizizi hakuigusa. Baadaye ikachipua. Haya mashina ndiyo machipukizi."

"Baba yake alijuaje kwamba itachipua?"

Bibi alijibu upesi, na mdogo wangu akacheka kabla ya kutafsiri. "Hakujua. Anasema alikuwa mvivu wa kung'oa."

Mchana huohuo, nikiwa nimesimama langoni mwa mji, nilimpigia mama simu.

"Mama, usiing'oe. Kwangua gome kwa ukucha, uone kama ndani kuna kijani."

"Umekwenda Ulaya kujifunza kukwangua miti?"

"Kwangua tu, mama."

"Umeshakula lakini?" aliuliza, na hakuniahidi lolote.

Wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, nilimwandikia mdogo wangu hivi:

"Mdogo wangu mpendwa,

Mstari ulio karibu na barabara mama alikuwa ameshaung'oa kabla sijampigia simu, bila kungoja mvua. Mingine aliiacha, ingawa hataki kukiri kwamba alikwangua. Mvua imeanza. Jana tulipita mti kwa mti, yeye mbele na mimi nyuma. Mingi imechipua juu ya kovu la kubebeshea, pale tawi la kisasa lilipounganishwa, majani mekundu, madogo kama ulimi wa paka. Michache imechipua chini ya kovu, kwenye shina la kienyeji. Hiyo itabidi ibebeshwe upya. Matunda yatachelewa, na mama anajua. Viazi amevipanda kwenye ule mstari mtupu, na amewakataza watu kulimia jembe karibu na mizizi ya miti iliyobaki. Jioni alitoa kigoda akakaa huko huko shambani.

Msalimie bibi. Mama anauliza kama hizo zeituni, zikishalowekwa, zinaliwa na ugali."